Kilo Moja Kasoro

Kazini walimwita Mizani, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na ukurasa wake wa gazeti, ambao kwa miaka kumi na mitano haukubadilika sura: picha ya kifaa juu, na chini yake orodha mbili, Mazuri kushoto na Mabaya kulia. Pasi, feni, redio, simu, kompyuta. Chochote chenye waya au betri kilipita mikononi mwake kikahukumiwa. Kazi hiyo ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Alipochumbiwa, zamani hizo, alimpima yule bwana kwenye karatasi vivyo hivyo, na bwana alipoikuta karatasi ndani ya kitabu akasoma kwamba "hutafuna kwa sauti", aliaga kwa adabu na hakuonekana tena. Mizani alilia siku mbili, kisha akaongeza upande wa kulia: "hana uvumilivu." Mtu wa namna hiyo si rahisi kumwonea huruma, lakini subirini kidogo.

Sifa za ukurasa ule hazikuwa zake peke yake. Nusu nzima ilikuwa ya mama yake.

Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, tangu enzi za mashine za chuma zilizokuwa zikilia kengele mwisho wa kila mstari. Alipiga kwa vidole kumi bila kuangalia, huku akimjibu anayemsemesha. Alipostaafu, vidole vilikataa kustaafu. Basi binti yake akiletewa kompyuta ya kukagua, mtu wa kwanza kuishika alikuwa Mama. Alikaa nayo sebuleni akaandika zile barua za ofisi alizozikariri, za "rejea barua yako ya tarehe" na "tafadhali husika na kichwa cha habari", kurasa na kurasa, kisha akatoa hukumu. "Hii ina herufi A mvivu." "Hii itamuumiza mtu kidole cha mwisho." Binti aliyaandika hayo kama yake, na wasomaji wakamsifu kwa vidole asivyokuwa navyo. Mama akisema "nimemaliza", binti alifuta kila kilichomo, akairudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, akaiweka kwenye boksi lake. Walifanya hivyo zaidi ya mara mia. Hakuna siku aliyosoma zile barua, kwa sababu hazikuwa na cha kusomwa.

Tena ilikuwepo sheria. Kazi isiyokamilika haisomwi. Mama alitoka nayo ofisini, ambako hata mkubwa wa idara hakuruhusiwa kuchungulia karatasi ikiwa bado iko kwenye mashine. Akishamaliza, aliichomoa mwenyewe, akailaza kifudifudi mezani, akaigonga kwa kiganja mara mbili. Hapo ndipo mwenye barua aliponyoosha mkono. Mizani aliyaona hayo utotoni, siku za likizo, akiwa amekaa chini ya meza na vibanio vya karatasi. Siku moja alipanda kiti akachungulia begani kwa Mama, na rula ikampata vidoleni. Hakurudia tena, hata uzeeni mwa mama yake.

Kiharusi kilikuja asubuhi, Mama akiwa anapiga mswaki. Kilichukua sauti na upande wote wa kulia. Kiliacha mkono wa kushoto, na kiliacha akili nzima kama ilivyokuwa. Daktari alilitaja hilo la akili kama habari njema, na Mizani akaliweka Mazuri. Lakini baada ya mwezi hakujua tena likae upande gani. Mama alielewa kila kitu na hakuweza kusema hata kimoja. Alitikisa kichwa kwa ndiyo na hapana, basi. Akapewa penseli mkono wa kushoto, ikatoka mikwaruzo kama ya kuku, na mwanamke aliyetoa barua safi kwa miaka thelathini na mmoja aliutazama mwandiko wake akairusha penseli ukutani. Akapewa simu, lakini vidole vilivyozoea kutafuta vitufe vilitembea juu ya kioo visipate pa kushika. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa kongwe, kilo tatu, vitufe vyake vigumu. Ilipowekwa mapajani ililalia upande uliokufa ikamwachia alama ya moto ambayo mwenyewe hakuihisi. Wakaacha kujaribu. Miezi minane nyumba ilikaa kimya, sauti pekee ikiwa ya mama mdogo, mdogo wake Mama, aliyehamia kumsaidia kumuuguza na ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe.

Ndipo ikaja kompyuta mpakato moja.

Ililetwa na tarishi wa kampuni ndani ya boksi jeupe, ya kuazima, siku ishirini na moja na si zaidi. Mizani aliiweka kwenye mizani ya jikoni juu ya unga uliomwagika: gramu mia tisa na sitini. Kilo moja kasoro. Ilikuwa ya bati la kijivu, nyembamba kiasi kwamba mama mdogo aliishika kwa vidole viwili akaigeuza.

"Hii ndiyo kompyuta," aliuliza, "au ni kifuniko chake?"

"Ndiyo yenyewe, mama mdogo. Ndizo zinazotakiwa sasa."

"Na bei yake?"

Mizani alimtajia. Ilikuwa mishahara yake ya miezi saba bila kula. Mama mdogo aliirudisha mezani taratibu, akapangusa alama za vidole vyake kwa kanga.

Siku ya tatu Mizani alimweka Mama mto mapajani, akaiweka juu yake. Hakutarajia kitu. Ilikuwa ni mazoea tu. Hajawahi kuandika habari za kibodi kabla Mama hajaigusa, na aliona aibu kuanza. Mama aliitazama. Mkono wa kushoto ukapanda, ukatambaa, ukatafuta vile vidoti viwili vidogo, juu ya F na J, vinavyomwonyesha mpiga chapa nyumbani kwa vidole vyake ni wapi. Vitufe vilikuwa laini, vilizama kwa mguso wa mtu anayefuta vumbi. Herufi zikaanza kutokea, moja, kisha kimya kirefu, kisha mbili.

"chai ya mdogo wangu haina majani"

Mama mdogo aliisoma mara mbili, akashika kiuno. "Miezi minane anakunywa ananyamaza. Kumbe."

Walicheka mpaka mama mdogo akakaa sakafuni. Mama alicheka kwa nusu ya mdomo, ile nusu iliyobaki, na machozi yakamtoka macho yote mawili. Mizani alikwenda jikoni akafungua bomba la maji lipige kelele, akalia humo. Tangu siku ile alijua anachokitaka, na alikitaka kuliko alivyowahi kukitaka kitu chochote maishani, yule bwana wa kutafuna kwa sauti akiwemo. Alitaka mashine ile isirudi.

Akakaa nayo na karatasi yake. Mazuri: nyepesi, mgonjwa anaweza kuibeba kifuani. Vitufe laini, vinamtosha mtu mwenye mkono mmoja. Haina feni, haipigi kelele, haichomi. Betri inakaa tangu asubuhi mpaka jioni. Mabaya: matundu mawili tu ya kuchomekea. Haifunguki, fundi hana pa kuingilia. Hifadhi imelehemewa ndani, haitoki. Ikifa imekufa na vyako vyote. Bei. Aliliandika neno bei mwisho, akalipigia mstari, kisha mstari wa pili, mpaka karatasi ikachanika.

Alimpigia mhariri aombe kulipwa mapema makala zote za mwaka. Mhariri alikohoa.

"Nilitaka nikuite ofisini tuzungumze vizuri," alisema. "Ukurasa wako tunaufunga mwezi huu. Watu hawasomi tena mambo ya vifaa. Wanaangalia video."

"Video haina orodha mbili."

"Najua, dada yangu. Lakini ndiyo hali. Niletee hii ya mwisho, ya hiyo nyembamba. Maneno mia sita."

Aliwaandikia kampuni awalipe kidogo kidogo. Wakajibu kwa heshima kubwa kwamba kielelezo hicho kinasubiriwa na mkaguzi mwingine. Akajaribu kukopa kwa watu wawili aliowafahamu, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake. Mama mdogo, aliyemwona akizunguka nyumba na simu sikioni, alimvutia pembeni.

"Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Usimzoeshe."

Lakini Mama alikuwa ameshazoea. Kila alasiri, Mizani akiwa mbioni kutafuta kazi nyingine, mama mdogo alimwekea mto na mashine, na Mama aliandika. Mizani akirudi alisikia ile milio midogo ya vitufe tangu mlangoni, ya mkono mmoja, mmoja na mmoja, na alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza kutwa nzima. Akiingia chumbani, Mama aliinamisha kioo nusu na kuinua kidole cha shahada. Sheria.

"Sitazami, Mama," Mizani alicheka. "Najua ni 'rejea barua yako ya tarehe'."

Mama alimwangalia tu. Haya, hilo nalo alipaswa kulipima, mtu mwenye jina kama lake. Mama alikuwa anatumia alasiri nzima kwa mistari mitatu. Nani mwenye nguvu hizo za kuzitapanya kwa barua ya ofisi iliyokufa? Lakini mazoea yana taabu. Kwa miaka kumi na mitano, alichoandika Mama kwenye mashine ya kuazima kilikuwa si kitu, na binti hakuona kwa nini kigeuke kuwa kitu.

Siku ya ishirini, Jumanne, tarishi alibisha hodi.

"Kesho gari halipo," alisema. "Nimeambiwa niichukue leo. Nasubiri hapa hapa nje, dada, usijali."

Mizani aliingia chumbani kwa miguu mizito. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Mama siku inayofuata, siyo leo. Alimkuta Mama ametulia, uso umelowa jasho kama mtu aliyetoka kupanda mlima, kioo kimefungwa, mkono wa kushoto uko juu ya mfuniko.

"Mama, wamekuja kuichukua. Nisamehe. Umemaliza?"

Mama alitikisa kichwa: ndiyo. Kisha akaigonga mashine kwa kiganja, mara mbili.

Mizani aliibeba. Machozi yalimjaa na hakutaka yaonekane. Mezani sebuleni alifanya kama afanyavyo siku zote, mikono yenyewe ikijua njia: akapangusa kioo kwa kitambaa, akapangusa vitufe, akafungua mahali pa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Huuliza kila mara. Akabonyeza ndiyo, akaangalia duara linavyozunguka, akafikiria milio ile ambayo hataisikia tena. Dakika saba. Akaiweka ndani ya boksi jeupe, akampa tarishi, akatia sahihi.

Jioni, jua likiwa bado ukutani, alimlisha Mama uji. Mama hakuuangalia uji. Alimwangalia yeye, hakupepesa, kijiko baada ya kijiko, na alipofutwa mdomo aliendelea kuangalia. Mama mdogo, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, alishindwa kuvumilia.

"Mbona husemi neno? Si umeshasoma?"

"Kusoma nini?"

"Alichokuandikia. Wiki mbili na zaidi anakuandikia wewe." Mama mdogo aliweka shuka chini. "Aliniandikia mimi mstari mmoja: 'ni yake, akishasoma atanijibu ndiyo au hapana, usimwambie wala usimharakishe.' Nimefunga mdomo wangu huu siku zote hizo. Jiulize nimeteseka vipi. Na kuna siku alikuwa anaandika huku analia, nikatoka nje nisimwone."

Bakuli lilikuwa mkononi mwa Mizani, na aliliweka chini kwa uangalifu mkubwa, akilitafutia mahali pasipo na kasoro. Mara mbili kwa kiganja. Alikuwa na miaka saba, chini ya meza, vibanio mkononi, na karatasi imelala kifudifudi mezani, juu ya kichwa chake. Alikuwa anaijua maana ya ile alama. Hakuna mtu mwingine nyumbani humo aliyeijua isipokuwa yeye, na aliisahau kwa dakika saba.

Mama alikuwa anasubiri.

"Kesho, Mama," alisema. "Nataka niisome tena vizuri. Kesho nitakujibu."

Mama alifumba macho taratibu, akaridhika, akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo ulipoanzia ubaya wote. Angesema palepale, mkono wa kushoto ulikuwa bado upo. Lakini alidhani atairudisha barua. Aliamini kwamba kwa kila kitu kilichopotea kuna fundi.

Jumatano mlango wa kampuni ulipofunguliwa alikuwa wa kwanza. Dada wa pale alimwonea huruma, akaenda ndani, akarudi na boksi lile lile.

"Yule mkaguzi mwingine anaihitaji Ijumaa mchana," alisema. "Mpaka hapo kaa nayo. Mimi sijakuona."

Akaenda nayo moja kwa moja kwa fundi waliyemwita Daktari Bisibisi, mwenye kibanda kilichojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Walifahamiana miaka mingi; alikuwa akimpigia kila alipotaka kujua kitu kinafunguka vipi. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akaigeuza mashine chali, akazitazama zile skrubu ndogo bila kugusa bisibisi. Hilo lilimtisha Mizani kuliko neno lolote.

"Zile za zamani," alisema, "nilikuwa natoa diski, nakaa nayo siku mbili, nachimba. Nimewahi kumtolea mtu picha za harusi iliyokwisha kuvunjika. Hii hifadhi imelehemewa kwenye bodi. Na kila kinachoandikwa humu kinafungwa kwa ufunguo. Wewe ulipofuta, hukufuta maneno. Ulitupa ufunguo."

"Kwa hiyo maneno yapo?"

"Labda yapo, dada. Lakini si mimi, si aliyeitengeneza, hakuna atakayeyasoma."

"Jaribu."

"Nikijaribu nitakudanganya, halafu nitachukua pesa yako." Alielekeza kidevu ukutani, kwenye kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa gundi juu ya meza yake. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Ulikuwa ukurasa wake wa mwaka uliopita. Upande wa Mabaya, kwa herufi nzito: *Weka nakala. Mashine nyembamba haina msamaha.* Daktari alikuwa ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa ajili ya wateja wabishi.

Akatoka na boksi kifuani. Njiani alipiga moyo konde. Atasema kweli. Atapiga magoti, atamwambia Mama nimefuta, nimesahau kugonga kwako, lakini tazama, mashine hii hapa, tuna siku mbili, niandikie hata maneno matano. Swali peke yake. Alijikuta anakimbia. Na kusema kweli, katika hadithi nzima hii huo mwendo wa dakika kumi ndio pekee uliokuwa na matumaini, kwa hiyo simharakishi; akimbie.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, kanga amejifunga kifuani.

"Nimekupigia," alisema. "Nimekupigia mpaka nikachoka. Kiharusi kimemrudia. Daktari wake ametoka sasa hivi."

Simu ilikuwa kwenye mkoba, kimya, kama alivyoiweka alipoingia kwa fundi ili asisumbuliwe.

Chumbani Mama alikuwa amelazwa chali. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, kiganja kimefunguka kuelekea juu, na Mizani alipoushika ulikuwa na uzito wa kitu kisicho na mwenyewe. Kichwa hakikugeuka. Yalibaki macho, yakamfuata tangu mlangoni mpaka kitandani, yakakaa juu yake, yakasubiri. Daktari, mama mdogo alinong'ona, amesema haya macho nayo si ya kuyategemea.

"Mwambie," mama mdogo alisema. "Anakungoja wewe. Mjibu apumzike."

Ningependa kuwaambia kwamba alisema kweli. Alifungua mdomo kwa nia hiyo. Lakini kumwambia nini mtu asiye na mkono, asiye na shingo, asiye na sauti? Kwamba maneno aliyoyatoa moja moja kwa zaidi ya wiki mbili hayapo, na hayatakuwepo, na hakuna mtu aliyeyasoma? Aondoke na hilo? Mizani alifanya kitu pekee alichojua kufanya. Alipima.

Labda Mama anaomba msamaha, kwa jambo asilolijua au kwa ile rula. Basi ni ndiyo. Labda anaomba asirudishwe hospitali. Ndiyo. Labda anataka chumba hiki apewe mdogo wake. Ndiyo, hata leo. Labda ni habari za baba, ambaye hakutajwa nyumbani humo hata siku moja: je, unataka kumjua? Ndiyo, au hapana, lakini ndiyo haiwezi kumuumiza. Aligeuza kila upande, haraka, macho yale yakimsubiri, na kila swali alilolipata lilitaka jibu lile lile.

Akainama karibu na sikio.

"Nimesoma yote, Mama," alisema. "Ndiyo. Jibu langu ni ndiyo."

Macho yalimtazama. Yalimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazamwa na mtu. Kisha chozi moja likatoka jicho la kushoto, likashuka kuelekea sikioni, na Mama akafumba macho.

Mama mdogo alilipangusa kwa ncha ya kanga. Alikuwa analia naye, lakini uso umelegea, kama mtu aliyeona jambo limekwisha vizuri. Alisubiri kidogo kwa heshima, halafu akashindwa.

"Alikuuliza nini?"

"Ni yetu sisi wawili, mama mdogo."

"Basi. Vizuri. Siulizi tena." Na kweli hakuuliza, yeye ambaye hajawahi kunyamaza. Badala yake alikwenda kuwaambia majirani, mmoja mmoja, kwamba dada yake amejibiwa na binti yake kabla ya macho kufumba, na kwamba ni wazazi wachache wanaobahatika hivyo.

Macho hayakufunguka tena. Alhamisi yote Mama alipumua tu, kwa vipindi, na Mizani alikaa kando ya kitanda na maneno mia sita ya mhariri. Aliyaandika. Nyepesi, laini, kimya. Upande wa Mabaya hakuandika kitu kipya; alinakili alichoandika mwaka uliopita. Mhariri alimjibu kwamba ni nzuri sana na kwamba ataipunguza kidogo mwishoni, nafasi imebana.

Ijumaa tarishi alibisha hodi saa sita. Mizani aliiweka ile mpakato juu ya meza ya sebuleni. Akapangusa kioo. Akapangusa vitufe, na kwenye vile vidoti viwili vya nyumbani kitambaa kikasimama. Humu ndani hakikuwamo kitu chochote. Hata hivyo mikono ilikwenda yenyewe mahali inapojua kwenda, na ilikuwa pale, katikati ya mazoea, bila kutafuta, alipoliona swali ambalo hakulipima. Lilikuwa fupi. Mtu wa mkono mmoja angeliandika kwa alasiri moja, halafu akatumia alasiri zote zilizobaki kueleza kwa nini anauliza, na kulia huku akiandika, na kumkataza mdogo wake asimharakishe mwenye kujibu.

Nimekuwa mzigo kwako?

Chumbani Mama alipumua, akakaa, akapumua tena. Nje tarishi alibisha mara ya pili, kwa upole, akasema gari linasubiri. Kwenye kioo mashine ilikuwa imeshauliza kama ana uhakika, ikaweka ndiyo upande mmoja na hapana upande wa pili, na Mizani alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani.